Mume Wangu Alilifuta Kaburi la Baba Kwenye Ramani

Nina miaka thelathini na minne, ni mama wa mtoto mmoja, na naishi Tukuyu mjini. Watu wanasema mwenye uchungu hulia. Mimi sijalia hadi leo... Nakula, nalala, naenda kazini, nasalimia watu. Ndani kumekufa ganzi tu. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni, halafu mniambie kama na nyinyi mngelia.

Kazi yangu ni picha za anga. Wenzangu wanarusha droni juu ya vijiji, wakishaishusha wananiletea picha, nami naziunganisha kwenye kompyuta hadi kijiji kizima kionekane pamoja. Juu ya picha hiyo ndipo mipaka ya mashamba inapochorwa ili watu wapewe hati zao. Aliyenifundisha ni mume wangu Elisha, kijana wa Singida aliyekuja kwetu kikazi akanioa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na kompyuta moja. Tulipendana, jamani! Nilijiona nimepata mume na mwalimu kwa mkupuo.

Niwaeleze kidogo, maana msiba wangu wote umetokea hapa. Kila picha hubaki na ukingo mweusi pembeni. Weusi huo si safi, una vidoa vidoa, na ukipanga picha moja juu ya nyingine vinatokeza kama masizi ya jikoni. Tunavisafisha kwa kuandika amri ya mstari mmoja yenye namba ndani yake. Namba hiyo inaiambia kompyuta: chochote kinachokaribia weusi kwa kiasi hiki ni uchafu, kifute. Kompyuta inaanza ukingoni na kula kuelekea ndani hadi ikutane na rangi nyingine. Ukiweka namba ndogo, uchafu unabaki. Ukiweka kubwa, inakula na mali za watu.

Kwao Elisha udongo ni mwekundu, hata ukikosea namba hakuna kinachodhurika. Kwetu Rungwe udongo ni mweusi. Shamba likilimwa likanyeshewa, na mvua kwetu haiombwi, ukiliangalia kutoka angani huwezi kulitofautisha na ukingo wenyewe. Nililigundua hilo mapema nikamwonyesha. Alicheka, akasema udongo wa Wanyakyusa una kiburi.

Sasa baba yangu alifariki. Tulimzika nyumbani, upande wa Lufingo, juu kabisa mwa shamba, kama ilivyo desturi yetu ya kulala kwenye ardhi yetu. Mama alikuwa akipanda kule kila jioni kung'oa magugu kaburini. Aliniambia, "Gwe Tumpe, na mimi mtanilaza hapa hapa, ubavuni kwa babako. Pasipungue hata hatua." Hakuwa na ombi lingine duniani. Hakutaka nyumba wala gari, alitaka nafasi ya mtu mmoja kulala.

Kipande hicho cha juu kilikuwa na historia. Zamani baba alimwazima mdogo wake apande milingoti, ile mikaratusi ya mbao. Miti ikakomaa, baba mdogo akaikata, akaiuza, akarudisha ardhi kwa baba mikono miwili. Mama akang'oa visiki, akalima viazi. Baba alipofumba macho, baba mdogo akaanza kusema kile kipande kilikuwa chake tangu mwanzo. Sisi tulicheka... Nani angemwamini, wakati kaburi la kaka yake liko katikati ya viazi vya mama?

Droni iliporushwa kijijini kwetu, shamba la mama liliangukia ukingoni mwa picha. Lilikuwa limetoka kulimwa, jeusi tii, na kaburi la baba likiwa bado tuta la udongo mbichi. Niliandika namba ndogo kabisa. Uchafu uliobaki niliusafisha kwa mkono, doa kwa doa. Nililiona kaburi pale kwenye kioo cha kompyuta, nikamwita Elisha alione. Akaniwekea mkono begani.

Wiki ileile mama akaugua kifua, akalazwa. Nilihamia hospitali kumuuguza. Kazi yote nikamwachia mume wangu. Ningemwachia nani mwingine?

Kumbe baba mdogo alikuwa akimfuata ofisini. Alimwambia mwanaume anayeishi kwa wakwe bila kiwanja ni kama kuku wa kufugwa. Akamwahidi kipande cha kujenga pale Kiwira, barabarani. Elisha hakuwahi kumiliki ardhi maishani mwake. Hilo ndilo lililomwingia.

Akaifungua picha ya mwanzo upya, akaandika namba kubwa. Amri ile ikaanza ukingoni ikala viazi vya mama, ikala tuta, ikasimama kwenye migomba iliyo jirani na nyumba. Chini ya picha yetu huwa tunatandika picha ya zamani ili pasibaki tundu. Basi pale palipoliwa pakachomoza picha ya miaka ya nyuma... milingoti ya baba mdogo imesimama, kijani kibichi, na kaburi hakuna!

Ramani ikabandikwa ofisi ya kijiji ili watu waikague. Baba mdogo akasimama mbele ya mkutano akasema mnaona wenyewe miti yangu. Viazi? Alimwazima shemeji yake alime. Kaburi? Alimhurumia kaka yake akampa mahali pa kulala. Wapo waliobisha, lakini ramani ilikuwa ukutani na marehemu hawezi kuitwa shahidi. Siku za pingamizi zikapita mama akiwa kitandani na mimi nikimlisha uji.

Tuliporudi tukakuta waya umezungushwa. Kipande kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu wa mbali, na miche ya parachichi imepandwa hadi miguuni kwa baba. Mama alishika ule waya akasimama. Alisema tu, "Ndaga," kama anayemshukuru mtu, akarudi nyumbani kwa fimbo yake.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kuiangalia ramani. Nilipoona milingoti nilijua. Kwenye kompyuta ile tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu alikuwa wodini! Nilimkuta Elisha anakula ugali. Nikamuuliza kama ni yeye. Hakukana. Alinawa mikono, akasema, "Mama Neema, kaburi halijaguswa, si lipo palepale? Shamba la mama ni kubwa. Mimi nina nini?" Kikulacho ki nguoni mwako... Nilisubiri hasira ije. Haikuja. Niliondoa vyombo nikaviosha.

Tulifungua shauri baraza la ardhi. Liliahirishwa, likaahirishwa tena. Kifua cha mama kikarudi, safari hii kwa nguvu. Karibu na mwisho alinivuta mkono akaniambia nisiruhusu watu wapigane kwenye msiba wake, kama njia ya juu imefungwa wamlaze popote. Mama yangu aliyekuwa hataki papungue hata hatua! Nikaitikia.

Alipofariki, wazee walikwenda kumwomba mwenye waya. Akajibu kwamba kaburi la zamani analivumilia, jipya hapana, na hati anayo. Vijana wa ukoo wakataka kuvunja. Niliwazuia mimi. Tukamzika mama chini, kando ya njia ya kwenda kisimani, mahali ambapo tulikuwa tunafungia mbuzi. Elisha alikuja na koleo akachimba pamoja na wengine, akilia kwa sauti. Mimi nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Baadaye shauri likaitwa. Nilibeba picha ya mwanzo na kompyuta, nikaiweka mezani mbele ya wajumbe. Niliandika amri kwa namba ndogo, wakaliona kaburi. Nikaandika kwa namba kubwa, na kaburi la baba likapotea mbele ya macho yao. Mjumbe mmoja mama mtu mzima alishika mdomo. Nilirudia mara nyingine walipoomba... Hebu fikirieni, kumfuta baba yako mara mbili kwa mikono yako mwenyewe, na mikono haitetemeki!

Tulishinda. Waya uling'olewa, na mnunuzi wakageukiana na baba mdogo. Elisha alipoteza kazi, akarudi kwao. Kiwanja cha Kiwira hakukiona. Nasikia ananiombea, na anamtumia mtoto salamu. Simchukii. Laiti ningeweza kumchukia, ningejua bado nipo.

Watu wananipongeza kwamba ardhi imerudi. Imerudi kwa nani? Kwetu maiti haifukuliwi ikahamishwa kwa sababu hukumu imechelewa. Baba yuko juu peke yake, mama yuko chini njiani, na wachota maji wanampita asubuhi na jioni. Mimi nalima viazi katikati yao.

Ndugu zangu, nawasihi kwa yaliyonikuta. Ramani ikibandikwa kijijini, msiseme wataalamu wameshapima. Nendeni mkaikague wenyewe, hata kama mna mgonjwa tumeni mtu. Na wewe unayefanya kazi na mwenza wako, usidhani mapenzi yanatosha kuwa mlinzi wa mali ya wazazi. Lakini kubwa zaidi ni hili: kama mama yako yu hai, usingoje droni wala ramani. Mshike mkono umpeleke mpaka pale anapotaka kuzikwa, waite majirani, apaonyeshe kwa kidole chake mwenyewe. Fanya hivyo angali anaweza kupanda kilima.