Kitabu Kimeombwa na Mwingine

Desemba, wiki ya mitihani, maktaba ya chuo pale Winnipeg ilifurika hadi watu wakasomea sakafuni. Larissa, mwanafunzi wa uuguzi mwenye koti jekundu lililomfika magotini, alifika kaunta kuazima kitabu kinene cha kutibu majeraha. Aliyekuwa zamu ni Emmett, naye mwanafunzi. Akakipima mkononi.

"Hiki utakibeba peke yako, bibie?"

"Kwani umeajiriwa kubeba?"

"Hapana. Najitolea."

Ndivyo walivyoanza. Simu zao hazikukatika, "umekula?", "umefika?", mpaka wenzao wakawachoka.

Mwishoni mwa Januari mama yake Larissa akafariki. Alizika, akarudi bwenini, akafunga mlango. Hakulia. Hakusikia njaa wala baridi, na alipomfikiria Emmett hakusikia kitu vilevile. Simu ikilia, aliiangalia tu mpaka inyamaze. Emmett alipiga siku kumi na mbili, akaenda kugonga mlango mara mbili, kisha akaacha, akiamini ameachwa. Simu ilipoacha kulia, Larissa naye akaamini ameachwa. Watu wazima wawili, na hakuna aliyeuliza.

Ikaja barua pepe ya mwalimu: asipowasilisha kazi yake ya majeraha Ijumaa, ataondolewa kwenye kozi. Aliisoma kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Jumatatu ikaja ya maktaba: kitabu ulichoazima kimeombwa na msomaji mwingine, tafadhali kirudishe. Hiyo ndiyo iliyomwinua. Yeye kufeli, sawa tu. Lakini kumfelisha mwenzake aliyeko darasa moja naye, hapana, hilo hakuliweza. Akavaa koti.

Kaunta alikuwepo Emmett.

"Nani anakitaka?"

"Haturuhusiwi kusema."

"Ni wewe?"

"Haturuhusiwi kusema."

"Emmett, wewe unasoma historia. Majeraha ya nini?"

Emmett akainama. "Nikasema, simu hashiki, mlango hafungui, lakini kitabu cha watu atarudisha. Kama umeniacha, niambie, nitakubali."

"Sijakuacha. Nilidhani wewe ndiye uliyeniacha." Larissa alisema bila kupandisha sauti. "Ila sisikii kitu. Hata sasa nakuona, na sisikii kitu."

"Basi usisikie. Wenzako wameniambia kuhusu kazi ya Ijumaa. Umefika wapi?"

"Ukurasa mmoja."

"Mkutubi wa uuguzi, Bi. Pelletier, ana nafasi saa nane. Nimeiweka kwa jina langu, utaingia wewe. Atakutafutia makala zote unazohitaji."

Larissa akanyoosha mkono kuchukua kitabu. Emmett akakivuta kwake.

"Thubutu. Hiki sasa ni changu, wiki mbili. Ukikitaka, tutakisomea meza ile ya dirishani. Zamu yangu imeisha."

Walipofika mezani, Larissa alivua glavu. Vidole vilikuwa vyekundu kwa baridi. Akavitazama kitambo.

"Vinauma," akasema.

Akavuta kiti, akaketi. "Haya, sogea. Ukurasa wa ngapi?"