Bwana Harusi Mwenye Glavu

Kila siku nikitoka shuleni nilivua sare, nikala githeri iliyobaki, mahindi na maharagwe, kisha nikaketi uani kufunga miraa. Baba yangu, Thuranira, aliikata, mama akaipanga, nami nikafunga vifungu kwa nyuzi za mgomba kabla wanunuzi hawajafika kutoka Laare mjini. Ilikuwa mwaka wa 1995, nami nilikuwa darasa la saba. Katika insha hakuna aliyenipita, na kwa sababu hiyo nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa boma letu. Mtu mmoja tu alijiona mwerevu kunishinda. Huyo alikuwa baba mkubwa Mbaabu.

Baba mkubwa ndiye aliyekuwa kaka mkubwa wa baba. Aliwahi kukaa Nairobi miaka miwili, kazi yake kufungua na kufunga lango la ofisi fulani, na tangu hapo hakukuwa na jambo la serikali asilolijua. Alivaa koti hata jua likiwaka. Ukimwuliza jambo asilolijua, alikohoa kwanza, kisha akakudanganya.

Mwaka uliotangulia, dada yao mdogo, Kagwiria, aliolewa. Sisi watoto tulimwita tata, maana ndivyo shangazi anavyoitwa kwetu. Mume wake alikuwa Lennart, Mswidi aliyekuja kuchimba visima. Ndoa yao ilikuwa ya kimila. Lennart hakuwa na ukoo huku, kwa hiyo wachimbaji wenzake walisimama kama ndugu zake, na msemaji wao akawa Njiru, fundi wa mashine kutoka Embu. Walileta vitu vyote vitano tunavyodai sisi Wameru: mwati, yaani kondoo jike ambaye hajazaa, kondoo dume, mtamba wa ng'ombe, fahali na mtungi wa asali.

Walipofika sokoni mwati akagoma kutembea. Walimvuta, wakamsukuma, wakambembeleza, naye akalala chini. Mwishowe Lennart alimtwika mabegani, akapanda naye kilima hadi kwetu, jitu la kuinama kila mlango, shati limechafuliwa mgongo mzima. Soko lote lilimfuata likicheka. Nyanya, mama yao, alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Baba mkubwa alijificha jikoni kwa aibu.

Kazi ya visima ilipokwisha, Lennart alilazimika kurudi kwao. Tata alikuwa mjamzito. Sheria ya kule ilisema mke aombe kibali cha kuishi na mumewe akiwa bado kwao, angoje, na asisafiri mpaka kitoke. Gatwiri alizaliwa mwezi wa nne bila baba yake kumwona. Mwezi uliofuata fomu ilifika kutoka ubalozini. Ilitaka kujua ndoa ilifungwa vipi, lini na mbele ya nani, na iambatanishwe na ushahidi.

Tata alishika kalamu aandike. Baba mkubwa akaikoholea ile fomu.

"Unataka kuandika nini hapo?" akauliza.

"Vile ilivyokuwa. Mwati, asali, wazee."

"Andika kondoo uone. Watasema hawa ni watu wa msituni. Mzungu anajua kanisa, gauni na keki."

"Lakini Lennart ni Mzungu, na yeye ndiye aliyembeba," tata akasema.

"Lennart ni mchimba visima. Hii fomu inasomwa na watu wa ofisi. Mimi nimekaa na watu wa ofisi, Kagwiria. Wewe umekaa na nani?"

Tata aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke wa maneno makali siku zote, lakini ile fomu ilikuwa imemtia hofu, na mtu mwenye hofu humsikiliza hata mlinda lango. Basi tukapelekwa studio kwa Kailemia, mpiga picha.

Kailemia alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Ukutani alikuwa amechora madirisha ya kanisa, mekundu na ya buluu, na msalaba uliopinda kidogo. Alikuwa na gauni moja la harusi, lenye harufu ya unyevu, ambalo sijui lilikuwa limeolewa mara ngapi. Tatizo lilikuwa bwana harusi, maana Lennart alikuwa Ulaya. Kailemia hakuona tatizo lolote. Mtu yeyote avae suti asimame, akasema, naye atakata kichwa cha Lennart kwenye picha nyingine, akibandike juu ya shingo ya huyo mtu, kisha aipige picha ile picha.

"Nitasimama mimi," baba mkubwa akasema, kwa sababu suti ilikuwa nzuri.

Nyanya alikuwa amekuja kumshika Gatwiri. Alisimama pale pale.

"Mbaabu, wewe ni ndugu yake. Ndugu hasimami na dada yake katika mavazi ya ndoa."

"Ni picha tu, mama."

"Hata kwa mchezo haifanywi."

Baba mkubwa alikohoa. Nyanya alimtazama juu mpaka chini, akatema mate nje ya mlango, akaondoka na mtoto. Kwa mila zetu hakuna mzazi anayeweza kusema zaidi ya hapo. Mtu mwenye akili angelivua ile suti. Baba mkubwa alinyoosha tai.

Ilibaki mikono. Kichwa kingekuwa cheupe na mikono myeusi, lakini Kailemia alikuwa bingwa wa upuuzi wake, akamletea glavu nyeupe. Mimi nilivishwa kigauni cha waridi, nikapewa maua ya karatasi, nikaambiwa nitabasamu. Nilitabasamu kwa moyo wote.

Nyumbani niliandika maelezo ya harusi, kwa kuwa mwandiko wangu ndio uliosomeka. Baba mkubwa alinitajia la kuandika, akivuta koti lake kwa fahari. Sikuridhika na uongo wake, niliona hauna utamu. Niliongeza kwaya ya watu arobaini. Niliongeza keki ya ghorofa tatu. Tata alitia sahihi bila kuniangalia usoni, na mimi, mjinga niliyeongoza darasa, nilidhani amefurahi.

Miezi minne ilipita kimya. Asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa tisa, gari dogo liliingia uani. Tata alikuwa amempeleka Gatwiri kliniki kupimwa uzito, na baba alikuwa shambani. Alishuka mama mmoja mwenye faili chini ya kwapa.

"Naitwa Winfred Njuki," akasema. "Nafanya kazi ubalozini. Nimekuja kuuliza juu ya ndoa ya Kagwiria."

Baba mkubwa alikimbilia koti lake. Bi. Njuki alikaa kwenye kiti alicholetewa, akatoa picha, akaiweka magotini. Kisha akaniita mimi.

"Ni wewe huyu mwenye maua?"

"Ndiyo, madam. Naitwa Celina."

"Kwaya iliimba vizuri?"

"Vizuri sana. Walikuwa arobaini."

"Katika kanisa gani?"

Nilitaja kanisa kubwa la mjini bila hata kumeza mate. Bi. Njuki alitikisa kichwa polepole.

"Nimetoka huko sasa hivi. Mchungaji amenifungulia daftari la ndoa. Tarehe hii mliyoandika walikuwa wakipaka rangi, hakuna aliyeingia." Alimgeukia baba mkubwa. "Na wewe mzee, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, tena mstari wa mbele," baba mkubwa akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kweli.

"Haya madirisha nimeyaona kwenye mafaili manne mwaka huu," Bi. Njuki akaendelea. "Wanawake wanne wa maeneo haya, kanisa moja, msalaba umepinda vile vile. Mume wa huyu dada yenu ni mtu mrefu sana, nina karatasi zake hapa. Kwenye picha anamfikia mke wake begani. Tena yuko ndani ya kanisa na amekunja macho kwa jua. Celina, hebu niambie. Huyu mwenye glavu ni nani?"

Nilimtazama baba mkubwa anisaidie. Alikuwa akitazama viatu vyake. Yule mjuzi wa mambo ya ofisi, aliyekaa na wakubwa, alikuwa anamwachia mtoto wa darasa la saba ajibu peke yake. Nilimdharau pale, na nikajidharau na mimi, kwa sababu kwaya ilikuwa yangu.

"Ni baba mkubwa," nikasema.

"Baba mkubwa huyu? Kaka yake bibi harusi?"

"Ndiyo."

Bi. Njuki aliirudisha picha ndani ya faili. "Mimi ni mtu wa Embu," akasema. "Kwetu ukifanya jambo hili wazee wanakuita. Sijui nyinyi mmekuwa watu gani." Alifunga faili. "Nikiandika nilichokiona hapa, nitaandika kwamba hakuna ndoa, kuna picha. Ombi litakataliwa. Mtoto atamjua baba yake kwa barua."

Aliinuka. Nilimwona Gatwiri akilini, mkubwa kama mimi, akisoma barua za mtu asiyemjua. Nilikimbia nikasimama mbele ya mlango wa gari.

"Lakini ndoa ipo, madam. Uongo ni ule wa kanisa. Mwati aliletwa. Alikataa kutembea, Lennart akambeba kutoka sokoni."

Bi. Njuki alisimama. "Kondoo?"

"Ndiyo. Na asali, na wale ng'ombe wawili. Wazee walikula, nyanya alilia."

"Huyo mume alituandikia kurasa tatu juu ya kondoo," akasema taratibu. "Ofisini tulidhani mwongo ni yeye, kwa sababu mke ametuma kanisa na keki. Ndiyo maana nimekuja."

Hakuniamini kwa maneno tu. Alinipandisha gari, akaniambia nisifungue mdomo, tukaenda sokoni. Alimwuliza mama muuza mboga kama kuna Mzungu aliyewahi kuoa pande hizi.

"Yule wa kondoo?" mama yule akajibu. "Si alipita hapa hapa, mwati mabegani, amemwendea haja mgongoni. Bibi yake ni Kagwiria wa kule juu."

Aliuliza fundi wa baiskeli. Aliuliza mzee aliyekuwa akiuza tumbaku. Aliuliza wapakiaji wa miraa, na mmoja wao akainama kutuonyesha jinsi Lennart alivyotembea. Wote walisema mambo yale yale, na wote walicheka. Kile kicheko alichokikimbilia baba mkubwa jikoni ndicho kilichokuwa ushahidi, soko zima la ushahidi, nasi tulikuwa tumekificha ili tupeleke ukuta wa Kailemia.

Tuliporudi tata alikuwa amefika, Gatwiri mgongoni. Bi. Njuki alimweleza yote bila kupunguza neno.

"Mimi nilikuwa nasaidia," baba mkubwa akasema.

"Ulikuwa unasaidia koti lako," tata akamjibu. "Harusi yangu ilikutia aibu, ukaona heri uvae suti unioe mwenyewe."

Baba mkubwa alikohoa, lakini safari hii haukufuata uongo.

"Na wewe mama uliweka sahihi," Bi. Njuki akamwambia tata. "Usimtupie yeye peke yake."

"Niliweka," tata akasema. "Niliogopa. Sina neno lingine."

Ombi lile la kwanza lilikataliwa, hilo Bi. Njuki hakuweza kulizuia wala hakujaribu. Alichoweza ni kutueleza jinsi ya kuomba upya. Tata aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya, kila kitu kilivyokuwa, pamoja na uongo wa picha. Chifu aliandika barua. Njiru alitoa maelezo yake kutoka Embu. Nyanya alikwenda mjini Maua mbele ya hakimu, akala kiapo, akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Wazee nao walimwita baba mkubwa kwa kusimama na dada yake, akatoa mbuzi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena habari za ofisi.

Kisha tukaanza kungoja kutoka mwanzo. Krismasi ilipita. Mwaka ukageuka. Siku moja ya mwezi wa tatu nilikuwa nimeketi uani na miraa yangu, Gatwiri akajishikilia kwenye kigoda, akakiachia, akatembea hatua nne hadi kwangu. Nilipiga makofi. Tata alikuwa anafua nguo. Aliacha kufua, lakini hakupiga makofi.

"Lennart angekuwa ameona hizo hatua," akasema. "Bi. Njuki aliniambia. Tungeandika kweli mara ya kwanza, tungekuwa kwake kabla ya Krismasi."

Nilisema nimekosa.

"Wote tulikosa, Celina. Wewe ulidhani uongo ukiandikwa vizuri unakuwa werevu, mimi nikadhani ukweli wangu ni mchafu mno kuonyeshwa watu. Wale hawakuwa wanatafuta harusi nzuri, walikuwa wanatafuta harusi yangu. Mtu akikuuliza wewe ni nani, mwambie vile ulivyo, hata kama umechafuka mgongoni. Ukimpa mtu mwingine badala yako, atamkataa huyo mwingine, na wewe utabaki nje naye."

Kibali kilifika mwezi wa tano. Lennart aliwapokea uwanja wa ndege, na tata alituandikia kwamba alipiga magoti amwite mtoto wake aje kwake kwa hatua za kwanza. Gatwiri alimkimbilia. Alikuwa amekwisha kujua kukimbia.