Jina Lililotajwa Debo

Asubuhi ya siku ya tatu mtoni, Antandu alimwamkia Bamoye kwa adabu.

"Umeamkaje, ndugu yangu? Umelala salama?"

Bamoye alikuwa amechutama pembeni ya mtumbwi anapuliza moto wa chai. Akageuka amtazame vizuri. Walikuwa wanajuana mwaka wa kumi na nane, na hapakuwa na asubuhi hata moja Antandu aliyomwita ndugu. Antandu ni Mdogon wa majabalini, Bamoye ni Mbozo wa majini, na sisi huku tunajua maana yake: ni watani wa kiapo. Mdogon akimwona Mbozo huziba pua, akauliza samaki huyu aliyeoza kavalishwa kanzu na nani. Mbozo naye humwita mtumwa wangu, mla vitunguu, kaa mbali upepo usije ukanigeukia. Matusi ndiyo salamu. Wazee waliokula kiapo kile waliweka mambo mawili tu: mtani hamnyimi mtani anachomwomba, na mtani hamdhuru mtani. Mengine yote ni kutukanana mpaka kaburini.

Sasa mtu huyo huyo kaamka na umelala salama.

"We mla vitunguu, unaumwa?" Bamoye akamuuliza.

"Sijambo, ndugu yangu. Alhamdulillahi." Akatabasamu. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na usiku ule hapakunyesha.

Bamoye akarudi kwenye birika lake. Sitaki kumsingizia wala kumfichia: alijua. Alijua kabla hata hajageuka.

Walitoka Mopti na shehena ya vitunguu, vile vya Wadogon vinavyopondwa, vikafinyangwa madonge na kuanikwa. Mwisho wa safari ni Dirè, siku saba kwa upondo na kafi ukijaliwa upepo. Huko Antandu alikuwa na mkewe, Yapirei, aliyekwenda kujifungulia kwa shangazi yake, mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja. Angeweza kupanda lori. Akasema ataipanda hiyo takataka ya Bamoye, maana mtani akizama naye angalau atakufa anacheka. Kuogelea hajui. Tangu Mopti alikaa katikati ya magunia, kashika kingo mbili za mtumbwi, akiwalaani babu zake Bamoye kwa kuchagua kuishi mahali pasipo na ardhi.

Jioni ya siku ya pili walifunga mtumbwi kwenye mlango wa ziwa Debo. Wakapika wali kwa samaki mkavu, wakala, Antandu akajilaza juu ya magunia akakoroma. Likabaki sufuria, chini jeusi tii kwa masizi. Mtoto wa Kibozo hajaacha ziwa la mama ameshaambiwa: sufuria la masizi halitiwi mtoni. Unachota maji kwa kibuyu safi, unaoshea nchi kavu, kwa sababu wenye maji, wale wa chini wasioonekana, hawapendi masizi. Bamoye alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwao. Lakini mbu walikuwa wameanza, mgongo unamuuma, na kibuyu kiko chini ya shehena. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akalichovya.

Sufuria likashikwa upande wa pili. Halikunasa kwenye nyasi. Lilishikwa taratibu, vile mwenyeji anavyokupokea mzigo. Ikapanda harufu ya tope la kina kirefu na majani yaliyooza, na sauti ya mwanamke ikasema karibu na sikio lake, kwa Kibozo cha zamani kabisa, kile cha mabibi:

"Nani anamwaga masizi mlangoni kwangu?"

Hapa sasa ndipo penye kosa letu, maana mtu wa kabila lingine asingelifanya. Tangu utotoni kila kinachoharibika kwetu ni kosa la mtani. Wali umeungua? Mdogon. Mvua imechelewa? Mdogon. Mtu kajamba msikitini? Humtafuti. Ulimi wa Bamoye ukatoka mbio wenyewe.

"Ni yule Mdogon," akasema. "Antandu Guindo."

Baadaye alijiambia kwamba ulimi uliteleza tu. Lakini ulipoteleza hakuurudisha. Alingoja pale, kapiga magoti, mpaka sufuria likaachiwa, na lilipoachiwa alipumua kwa raha. Raha ile ndiyo iliyokuja kumla. Usiku kucha alijifunika shuka gubigubi asisikie chochote.

Basi wakaingia Debo asubuhi ile, yule mwenye adabu na yule mwenye siri. Ziwa lilikuwa limetulia, ng'ambo haionekani. Antandu alikwenda kukaa mbele kabisa, kwenye ncha, miguu ikining'inia majini. Jua la saa sita liliwaka vibaya, upondo ukawa wa moto mkononi, na kanzu yake haikukauka. Bamoye akampa samaki wa chumvi, naye akamsogeza samaki pembeni kwa kidole.

"Asante, ndugu yangu. Kula wewe."

Akinyamaza, koo lake lilitoa mlio wa maji yanayotafuta njia, kama mtungi unaojazwa.

Bamoye akaanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Akafika katikati, akasikia ile ncha ya mtumbwi inaisoma pamoja naye, kwa sauti nzuri, bila kukosea. Ikamaliza kabla yake.

Halafu akasikia kugonga. Ngo, ngo, ngo, chini ya ubao aliosimama. Akadhani ni kigogo. Akasukuma mtumbwi kwa nguvu, wakaenda mbali, na kule mbali ikagonga tena palepale chini ya nyayo zake. Ilikuwa ngumi ya mtu. Siku ile nzima iligonga, na kila ilipogonga, aliyekaa mbele alikohoa kidogo kwa heshima, vile mtu anavyokohoa nyumba ya watu mtoto akisema jambo la aibu.

Siku ya nne walitoka Debo wakaegesha kwenye kambi ya wavuvi. Hapo alikuwapo Nyamoye, mjane mkaushaji wa samaki, ambaye ukoo wake ndio unaosema na wenye maji. Ni mwanamke mkali, hana muda na mtu. Bamoye alimkuta akigeuza samaki kwenye uchaga, macho mekundu kwa moshi. Antandu hakushuka.

Nyamoye akatupa jicho mtumbwini. "Huyo uliyempakia mbele simjui," akasema. "Wa chini ndiye mtu. Mbona anagonga?"

Bamoye akakaa mchangani. Akamweleza habari ya sufuria. Akaishia kwenye swali la yule mwanamke.

"Ukamtaja nani?"

Bamoye akachota mchanga, akaumwaga.

"Mtu mzima wewe, wa ukoo wa Karabenta. Ukamtaja Mdogon?"

"Mama, ulimi tu. Si unajua tunavyotaniana..."

"Usinieleze habari za ulimi." Akaweka chini samaki aliyemshika. "Ungesema ni wewe, ungetozwa kibuyu cha maziwa. Kimoja. Sisi ni watoto wa hapa, tuna mapatano nao, wanatukaripia yanaisha. Yule wa majabalini hana mapatano na maji. Ana mapatano na wewe peke yako."

"Nifanye nini?"

"Inama useme kweli. Jina lako, ukoo wako, kosa lako. Useme leo, maana yule anagonga kwa pumzi aliyoondoka nayo, na haiongezwi. Akiacha kugonga, basi."

"Na mimi watanifanya nini?"

Nyamoye akajifuta mikono. "Ilikuwa maziwa," akasema. "Ukawadanganya, kwa hiyo sasa sijui. Lakini nimeona ulichouliza kwanza. Hujaniuliza kama yeye anaumia."

Akamgeukia samaki wake.

Bamoye alirudi, akainama ukingoni mpaka pua ikagusa maji. Chini yake ngumi ikagonga haraka haraka, kama aliye huko amemwona. Bamoye akawaza watoto wake wanne. Akawaza mkewe na paa la nyumba ambalo halijaezekwa. Akainuka.

"Kesho," akanong'ona. "Kesho alfajiri, Antandu, wallahi."

Na alfajiri ikaja akasema hata mchana ni leo, na mchana ukaja akasema ngoja tupite maji haya makali kwanza, na siku ya tano ikaisha hivyo na ya sita nayo, yeye akisukuma upondo kama mtu anayekimbizwa na huku anayemkimbia kakaa naye mtumbwi mmoja, kanyoosha miguu majini, anamwambia pole kwa kazi ndugu yangu, pumzika ndugu yangu, na madonge ya vitunguu yaliyokaushwa mwezi mzima yakaanza kulainika na kuchipua ndani ya magunia, harufu yake yote ikamezwa na ile ya tope, na chini ya ubao ile ngumi ikagonga, ikapumzika, ikagonga, kila mara kwa muda mrefu zaidi katikati, mpaka Bamoye akawa anaiomba igonge, akishika pumzi yake mwenyewe kuisikiliza, na ikigonga anaziba masikio.

Alfajiri ya siku ya saba haikugonga. Akapiga ubao kwa kisigino, mara moja, mara mbili. Akalala kifudifudi akauwekea sikio. Maji yalipita tu.

Adhuhuri wakaiona Dirè. Wanawake walikuwa ukingoni wanafua, na juu yao kidogo alisimama Yapirei, kajifunga kitenge kipya, kapakata mtoto. Alikuwa amejifungua siku mbili nyuma. Akamwona mumewe mbele ya mtumbwi, akamnyanyua mtoto juu ili amwone.

Aliyekaa mbele akasimama. Akajifuta midomo.

"Mwanangu yule," akasema taratibu. "Tuharakishe, ndugu yangu. Nimpokee."

Hapo tu ndipo Bamoye alipotupa upondo. Akaanguka magoti, akazamisha uso majini, akasema kwa midomo iliyojaa maji: "Ni mimi. Bamoye Karabenta. Mimi ndiye niliyeosha sufuria. Antandu alikuwa amelala."

Alipoinua kichwa, lile tabasamu la siku nne lilikuwa limekwisha.

"Bamoye," likasema lile lililokaa mbele, kwa ile sauti ya kike. Likalirudia jina polepole, kama anayeonja mchuzi. "Hilo tumelishika. Siku tukija, tutaita hilo."

Likashuka majini kama mtu anayeshuka ngazi, na maji hayakuruka. Papo hapo mtumbwi ukayumba, na Antandu akaibuka ubavuni, chali, macho wazi.

Watu wa Dirè waliona kwa mbali. Walichoona ni Mdogon asiyejua kuogelea amesimama kwa furaha ya kumwona mwanawe, akateleza, na mtani wake akamvuta kwa mikono miwili huku analia. Ndivyo walivyosimulia, na Bamoye hakuwasahihisha. Alimwosha maiti yeye mwenyewe, kama inavyompasa mtani. Ngozi ya ngumi za Antandu ilikuwa imetoka yote, mifupa inaonekana. Mzee aliyekuwa anamwagia maji akauliza ni nini.

"Mawe," Bamoye akasema.

Kaka yake Antandu, Domo, alifika na jamaa kutoka majabalini siku ya kumpa mtoto jina. Bamoye alikuwa bado hajaondoka. Alijiambia amebaki ili aseme. Mara tatu alimkuta Yapirei peke yake, mara tatu akamuuliza kama maji ya kunywa yapo. Alijua wakiambiwa hawatamgusa hata ukucha, kiapo hakiwaruhusu. Wangemtazama tu. Huko kutazamwa ndiko alikoshindwa kukubeba.

Domo akamwita katikati ya watu, akamshika bega.

"Mbozo wewe, unanuka, tena unatia huruma," akasema, na watu wakacheka na machozi. "Lakini mwingine angemwacha ndugu yetu aliwe na samaki. Wewe umetuletea tumzike. Sasa tunakuomba kitu, na unajua huwezi kutunyima."

"Ombeni," Bamoye akasema.

"Mtoto apewe jina lako."

Bamoye akafungua mdomo. Ua zima likamngoja. Yapirei, kakonda, macho yamevimba, alimtazama kwa shukrani ambayo sijui mtu unaiwekaje moyoni.

Na ndani ya kifua chake, Mungu amsamehe, ikapita ile raha. Alihesabu bila kutaka kuhesabu. Sasa wangekuwa wawili wenye jina hilo, na mmoja wao ni Mdogon.

"Mmeniheshimu," akasema.

Imamu akamnong'oneza mtoto sikioni mara tatu. Watu wakala wali na nyama, wakamwekea Bamoye fungu la mgeni wa heshima, akalila lote kwa sababu walikuwa wanamwangalia.

Alasiri, jua lilipopungua, Yapirei akatoka na beseni na kipande cha sabuni, mtoto mgongoni. Akapita mbele ya Bamoye aliyekaa kivulini.

"Namshusha Bamoye wangu mtoni, shemeji, nikamwogeshe. Kuna joto sana."

Bamoye akasimama. Maneno yote yalikuwa pale, kooni, mafupi, yasiyozidi pumzi moja.

"Angalia, shemeji," akasema. "Pale chini pana utelezi."

Yapirei akamshukuru, akashuka.