Nilikataa Kuvua Buti, Leo Silijui Kaburi la Mama

Ndugu wasomaji, nina miaka sitini na mbili, ni meja mstaafu, naishi Mikumi. Nimepigiwa saluti maisha yangu yote... lakini mama aliyenizaa sijui alipolazwa!

Sisi ni wa ukoo wa kichifu, kule milimani Vidunda. Msidhani najitapa. Uchifu wenyewe ulishafutwa zamani, na sisi tulikuwa tawi dogo tu, watoto wa binti wa mwisho, kiti tulikuwa tunakiona kwa mbali. Nadhani ndiyo maana mimi na mdogo wangu Simoni tulikimbilia jeshini. Tulitaka ukubwa ambao ukoo haukutupa. Tukaupata! Mimi meja, yeye luteni.

Mama alifariki sote tukiwa kazini mpakani. Alizikwa katika msitu wa ukoo, kwenye makaburi yasiyo na msalaba wala jina. Kwa desturi yetu walioingia kumzika ni mjomba, kaka yake mama, na wazee wawili tu. Wazee wale nao hawakukawia kufariki. Akabaki mjomba peke yake anayelijua kaburi.

Tulipopata likizo akatupeleka. Nilivaa sare kamili, nimeipiga pasi mwenyewe. Nilitaka mama anione! Kufika ukingoni mwa msitu, mjomba akasimama.

"Vueni buti na kofia, wanangu. Huku hatuingii na viatu."

Simoni akainama kufungua kamba. Mimi damu ikanichemka! Nyuma yetu dereva wangu, koplo, alikuwa anatazama. Meja mzima nitembee pekupeku mbele ya koplo? Nikafoka, "Luteni, simama wima!"

Simoni akasimama. Jamani, macho aliyoniangalia nayo...

Mjomba hakugomba. Alisema tu, "Huku ndani hakuna meja, kuna mama yako. Basi nenda. Rudi siku ukiwa mpwa wangu."

Nikaondoka nimenuna. Mara tatu mjomba aliniagizia niende. Nami, mpumbavu mimi, nikajibu aniombe radhi kwanza! Mzee wa miaka themanini aniombe radhi mimi? Simoni akanisihi, nikamfukuza. Peke yake hakuweza kwenda, maana kwetu mdogo haonyeshwi kaburi la mama kabla ya mkubwa wake.

Masika yaliyofuata mjomba alianguka shambani, akapooza, ulimi ukakataa. Nilifika mbio. Nikapiga magoti, nikavua viatu palepale kando ya kitanda nikilia. Alinitazama, akainua mkono kidogo kuelekea mlimani, ukaanguka. Siku ya tatu akafariki.

Msibani Simoni aliniambia maneno matatu. "Afande, umeninyima mama." Hakuniita kaka. Sasa yuko Kilosa mjini na simu zangu hapokei. Simlaumu.

Mimi hupanda mlimani kila nipatapo nguvu. Naingia pekupeku, naenda tuta hadi tuta nikisema, "Shikamoo mama." Yako mengi mno. Huenda nimeshampita mara mia, huenda namkanyaga!

Cheo ni dhamana, wenzangu, siku moja utakikabidhi tu. Lakini mkubwa wako akikuita leo, nenda. Hata kama amekuudhi, nuna huko njiani, lakini nenda!