Tanga Kichwa Chini

Walikutana kwenye duka la vifaa vya mashua, Jumamosi, watu wamejaa hadi mlangoni, wao wawili kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba moja iliyobaki. Binti alikuwa mshona matanga, gauni la bluu, vidole vimetobolewa na sindano. Kijana alikuwa fundi umeme, shati limenyooka kama la bwana harusi.

"Dada, niachie. Nina mashua."

"Na mimi nina wateja wenye mashua, kaka. Achia wewe."

Hakuachia mtu. Wiki ya pili wakawa wanaitana mpenzi.

Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya miili miwili iliyounganishwa kwa turubai, na haikuwa na tanga la mbele. Binti akamshonea mwezi mzima, kila akitoka kazini. Pembe moja akaitia uzi mwekundu, maana kwao karakanani nyekundu ni pembe ya chini, ile inayofungwa puani mwa mashua. Hakumwambia, alidhani kila mtu anajua. Fundi naye hakuuliza. Kwenye masanduku yake ya umeme waya mwekundu huingia juu, basi na hapa pembe nyekundu akaipeleka juu ya mlingoti.

Siku ya mashindano ya mashua tanga likagoma. Likakunjamana, kamba zikapwaya huku na kukaza kule. Fundi alifunga na kufungua mara nne, shati limelowa, wenye mashua wote wanamtazama. Akapiga simu.

"Mpenzi, tanga umelikosea kipimo."

"Mimi?"

"Halikai! Kila mtu hapa anaona."

"Umewaambia nimeshona mimi?"

"Sasa ningemtaja nani?"

Binti akakata simu. Hao "kila mtu" ndio wateja aliokuwa akiwategemea siku atakapofungua karakana yake mwenyewe.

Akafika kwa pikipiki, mkasi bado unaning'inia shingoni. Akatazama juu.

"Umelipandisha kichwa chini!"

"Si nyekundu ndiyo juu?"

"Nani kakwambia? Mbona hukuniuliza?"

"Mbona hukuniambia?"

Wote wawili walikuwa na makosa, na hakuna aliyetaka kuanza kukubali. Binti akaligeuza kwa dakika tano: pembe nyekundu puani, ncha nyembamba juu, kamba mbili pembe ya nyuma, moja kila upande. Tanga likajaa upepo, safi. Mashindano yalikuwa yameshaanza bila wao.

Fundi akapanda juu ya turubai. "Jamani! Tanga halina kosa. Mjinga ni mimi!"

Wakamcheka hadi akaona aibu ya kushuka. Binti hakucheka.

"Ulipiga simu kuniambia nimekosea," akasema. "Hukupiga kuniuliza."

"Nisamehe, mpenzi. Leo nilitaka tukishinda nikuombe tuoane."

"Kwa hiyo tusiposhinda huombi?"

"Naomba. Tutaoana mwezi—"

"Uliza! Uliza kama mtu asiyejua atajibiwa nini."

Fundi akashuka. Akauliza, na safari hii akangoja.

"Ndiyo," akasema binti. "Lakini bado nimekasirika. Usinishike."