Pipa la Tatu

"Usimguse mtu. Narudia, usimguse mtu mpaka kikosi kifike."

Mkuu wake akakata simu.

Rowena Birtwistle, jasusi wa serikali, alitamani kuipigiza ukutani. Kuta zenyewe zilikuwa za mawe, nene kama za gereza. Ndani ya baa ya Mwanakondoo Mweusi mtandao haukushika kabisa. Ulishika nje tu, kwenye mvua ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza.

Akarudi ndani, maji yakimchuruzika. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mbwa.

Pembeni, Leopold Vance alikuwa akinywa taratibu. Rowena alikuwa amemfuata tangu mjini Leeds. Vance alikuwa ameiba kifaa cha mawasiliano ya nyambizi za kivita, na mnunuzi wa kigeni alikuwa akimngoja bandarini Hull. Alipoingia alikuwa na mkoba. Sasa hakuwa nao.

Ameupeleka wapi?

"Bibie, unakunywa au umekuja kujikinga mvua?" Doreen, mwenye baa, alikuwa ameshika mpini wa kuvutia bia. "Watu wanatoka London kuja kuonja bia yangu."

"Nipe yoyote, mama."

Baa nzima ikaweka glasi chini.

"Yoyote!" Mzee mmoja mwenye ndevu za povu alimgeukia. "Doreen, umemsikia? Mwanangu, humu hakuna bia inayoitwa Yoyote. Hebu nikueleze moja moja."

Akaeleza. Ile chungu. Ile nyeusi kama lami. Ile iliyompatia dada yake mume. Rowena akasogea kushoto apate kuona. Mzee akasogea naye. Akasogea kulia. Mzee huyo!

Alipofanikiwa kuchungulia, kiti cha Vance kilikuwa kitupu.

"Nipishe, mzee!"

"Hata sijafika kwenye ya asali!"

Rowena akatokea mlango wa uani. Simu ikatetema.

"Kikosi kiko wapi, mkuu?"

"Kimekwama. Kondoo wamejaa barabarani."

"Kondoo?"

"Hawapigi hata hatua. Wewe subiri."

Rowena akauma meno.

Uani, Vance na dereva mnene walikuwa wakibingirisha mapipa matupu kuelekea kwenye lori. La kwanza lililia juu ya mawe kama kengele. La pili likalia. La tatu likatoa mlio wa dup, dup, dup.

Lina kitu ndani.

"Kumbe ndimo!" alinong'ona.

Vance akageuka. Macho yakagongana.

"Washa gari!" alifoka, akilirusha pipa juu ya lori. Dereva akarukia usukani, lori likaanza kwenda.

"Birtwistle, unanisikia? Usim—"

Rowena akakata simu, akachomoa bastola yake aina ya Glock.

Pa! Pa!

Matairi ya nyuma yakalala. Lori likayumba, likavamia mapipa mapya yaliyopangwa ukutani. Bia ikabubujika. Vance akakimbia, akateleza kwenye povu, akaanguka kifudifudi. Alipojaribu kuinuka, pingu zilikuwa tayari mikononi mwake. Dereva alishuka mwenyewe, mikono juu.

Pipa la tatu lilikuwa na kitako cha kufungua. Mkoba ulikuwemo, kifaa kikiwa ndani.

"Bia yangu!" Doreen alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Nyuma yake mzee alikuwa amevua kofia kama aliyefika mazikoni. "Unaitwa nani wewe?"

"Rowena, mama. Serikali itakulipa."

"Serikali inajua kupika bia? Sikia, Rowena. Usikanyage tena hapa. Wewe, wanao na wajukuu zako!"

Ving'ora vya kikosi vikaingia uani, vimechelewa.

Rowena akawakabidhi Vance, dereva na mkoba, akarudisha bastola kwenye ala ya kwapani, akainua kola ya koti, akatoka langoni bila kugeuka.