Taulo la Kinyozi Chini ya Rejeta

"Hizi ni nywele," Cheche alisema.

"Nywele gani, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi wakati nimeshika uchafu. Nywele za vichwa vya watu. Zimelowa maji ya rejeta, zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Niambie zimefikaje ndani ya gari langu."

Kinyozi alikuwa mchumba wake. Alisimama mlangoni mwa ua, shati jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa, manukato yamemtangulia. Watu walimwita kwa kazi yake. Cheche naye aliitwa Cheche kwa sababu alichomelea mageti na madirisha, na ulimi wake uliunguza vilevile. Alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu iliyojaa vitundu vya kuunguzwa na moto, amechuchumaa mbele ya gari, boneti iko juu. Kwa ncha za vidole viwili alininginiza kipande cha taulo ambacho zamani kilikuwa cheupe.

"Labda ni upepo," Kinyozi alisema.

"Upepo ulikata taulo, ukalikunja, ukalifunga chini ya rejeta kwa waya?"

"Basi labda fundi wa Mjomba wako."

"Mjomba ana kipara. Fundi wake ana kipara. Gereji nzima haina unywele."

Kinyozi akatazama viatu vyake.

Juzi rejeta ya zamani, ile ya kupozea injini, ilikuwa imepasuka. Cheche akanunua nyingine, si ya gari lile hasa, nyembamba kidogo, na miguu yake haikukutana na matundu ya bodi. Hilo halikumtisha. Unakata bamba la chuma, unalikunja, unalitoboa, unapata vishikizo vyako. Chini unaweka mpira ili rejeta isigongane na chuma. Angefanya mwenyewe, ila mteja alikuwa akisubiri geti. Kinyozi akasema, niachie mimi, roho yangu, nitalipeleka gari gereji kwa Mjomba. Jioni akalirudisha, akasema Mjomba amemaliza na anakusalimu.

Siku iliyofuata, katikati ya barabara iliyosongamana, rejeta iliinama ikagusa feni. Mvuke ukapanda, honi zikalia, abiria wa magari mengine wakatoa vichwa kumtazama. Cheche hakufungua hata boneti. Alienda kwa miguu moja kwa moja gereji, akamshukia Mjomba mbele ya wateja. Alimwambia amezeeka, macho yamemwisha, afunge gereji akalale. Mjomba, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki na kumtia spana mkononi, alijibu tu, "Gari lako mimi sijaliona." Cheche akaona mzee anakwepa kosa, akaongeza matusi.

Jioni simu ikaja. "Jumamosi hao wazee wa mchumba wako wasije kwangu," Mjomba alisema. "Tafuteni mzee mwingine, mwenye macho." Akakata.

Na mzee mwingine hakuwepo. Bila Mjomba, hapakuwa na wa kupokea posa wala wa kumwita Cheche mwanangu mbele ya watu.

Ndiyo maana asubuhi hii, gari likiwa limevutwa mpaka uani, alikuwa ameifungua kazi ile, nati baada ya nati, na kila nati ilimzidishia hasira. Vishikizo vilikatwa kutoka fremu ya kioo, bati laini la kupinda kwa kidole. Matundu yalitobolewa hapa, yakakosewa, yakatobolewa pale, mpaka bati likawa kama limegugunwa na panya. Kingo hazikupigwa tupa. Mahali pa mpira palikuwa na taulo, na ndani ya taulo nywele fupifupi zilizogandamana kwa mafuta ya kichwa na kutu, nyeusi, zinateleza. Zilikuwa zimemwingia mpaka kwenye kucha. Na juu, penye bolti, palifungwa mkanda.

"Mkanda wa suruali," Cheche alisema. "Wa nani huu?"

Kinyozi akajishika kiuno kabla hajafikiri.

"Nilidhani hivyo."

"Cheche, nisikilize, mpenzi..."

"Nimesikiliza sana. Ulisema Mjomba amemaliza. Ulisema ananisalimu. Hiyo salamu uliitoa wapi, au nayo uliitengeneza mwenyewe?"

"Nilitaka nikushangaze."

"Umefaulu. Nimemtukana Mjomba, baba yangu, mbele ya watu, kwa taulo lako."

Kinyozi akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti juu ili Cheche asikie.

"Mjomba, shikamoo."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mchumba wa..."

Simu ikakatwa.

"Beba hivyo vyuma," Cheche alisema. "Vyote. Na taulo."

"Kwa mkono? Nina shati jeupe."

"Beba."

"Tunaenda kwa miguu?"

"Kwani una gari?"

Wakatembea. Maji machafu yalimchuruzikia Kinyozi mpaka kwenye kiwiko, na watu sokoni waliwapisha kwa ile harufu. Ni sokoni hapohapo walipokutana mwaka uliopita. Cheche alikuwa akichomelea mlango wa kibanda cha Kinyozi, naye Kinyozi akatoka, amemwacha mteja kanyolewa nusu ya kichwa, akilalamika kwamba moshi unaharibu manukato. Siku ile Cheche alicheka mpaka akazima mashine. Leo hakumtazama hata usoni.

Gereji ilikuwa imejaa, wateja wa jana bado wakisubiri magari yao. Mjomba alikuwa ameinamia injini, na aliwaona, na hakuinuka.

Cheche alifungua mdomo, lakini Kinyozi akamtangulia. Alisimama mbele ya wateja walewale, mikono imejaa.

"Mjomba, samahani. Gari halikufika hapa. Rejeta niliifunga mimi, nyuma ya kibanda changu. Hivi vyuma ni vyangu. Taulo ni langu. Nikamwambia ni wewe."

Mjomba alipokea kishikizo kimoja, akakigeuza kama mtu aliyekuta mdudu kwenye wali.

"Hiki ni nini?"

"Kishikizo, Mjomba."

"Kinashikilia nini?"

"Hakishikilii."

Wateja wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. "Kwa nini hukulileta gari kwangu?"

Kinyozi akamwelekezea Cheche kidevu. "Kwenye sherehe ya rafiki yake, huyu alisema mbele ya meza nzima kwamba mwanamume asiyejua spana ni pambo la nyumba. Watu walicheka wakinitazama. Nami nilicheka. Nikasema siku moja nitamfungia kitu kwa mkono wangu. Rejeta ilipokataa kukaa sawa, niliona aibu. Nikatupa jina lako."

Cheche alikumbuka ile meza. Alikumbuka jinsi alivyofurahia kicheko chao. Hasira iliyokuwa ikimfuata tangu asubuhi ikageuka, na safari hii ilimwelekea yeye mwenyewe.

"Mjomba," alisema, "mimi nilisema macho yamekuisha. Gari lilikuwa langu, boneti ilikuwa yangu, na sikuifungua. Nisamehe."

"Nilikufundisha kuangalia kwanza."

"Ulinifundisha."

"Uliangalia?"

"Sikuangalia."

Mzee akatupa kishikizo kwenye rundo la vyuma chakavu, akapangusa mikono kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Na huyu," akasema, "bado unamtaka? Jibu mbele ya hawa uliowafanya mashahidi jana."

Cheche akamtazama Kinyozi sawasawa. Shati limeharibika, nywele za watu zimemganda kwenye mkono, uso umelowa jasho la woga. Alikuwa anachukiza. Lakini alikuwa amesema yote, mbele ya umati, bila kusukumwa, na alikuwa bado amesimama.

"Namtaka. Ila Jumamosi ni mbali. Nikimwacha mpaka Jumamosi atanitengenezea breki."

Akachota sabuni ya unga kwenye kopo, akasugua mikono mpaka kwenye kucha, akajifuta, akamchomoa Kinyozi simu mfukoni. Akampigia shangazi wa Kinyozi.

"Shangazi, shikamoo. Ni mimi mkweo. Wazee wa posa wako hapo? Waambie waje kwa Mjomba leo, sasa hivi. Ndiyo, gerejini. Hapana, msibadilishe nguo, njooni na mlizovaa."

Alipokata, Mjomba alikuwa ameshamwondoa mteja kwenye benchi na kuanza kulifuta, wazee wapate pa kukaa.